Unga wa goji, kisukari na warfarin: tafiti alizotuma muuzaji zina uzito gani?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mama yangu ana miaka 63. Ana kisukari aina ya pili na anatumia metformin. Miaka minne iliyopita aliwekewa valvu ya chuma kwenye moyo, na tangu hapo anameza warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, kila jioni. Wiki tatu zilizopita jirani alimuuzia kikopo cha unga wa goji, tunda dogo jekundu la Uchina, kwa shilingi 85,000, naye anakoroga vijiko viwili vya chakula asubuhi na viwili usiku. Kikopo kinasema unga unashusha sukari, unalinda macho, unaongeza kinga na kuzuia saratani, tena "umethibitishwa na sayansi". Nilipohoji, muuzaji alinitumia WhatsApp orodha ya tafiti sita, na nimezikuta kweli mtandaoni. Mama anasema anajisikia mwenye nguvu kuliko zamani. Je, tafiti hizo zina uzito? Aendelee? Na mimi nisiye na maradhi, naweza kuutumia? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Naanza na mama. Tafiti zitasubiri kidogo.

Mama aache unga huo leo hii. Warfarin aendelee nayo kama alivyoandikiwa, saa ileile na dozi ileile. Asipunguze kwa hofu wala asiongeze. Kesho, au kesho kutwa ikichelewa sana, akapimwe INR, kile kipimo kinachoonyesha damu yake inachelewa kiasi gani kuganda. Nendeni na kikopo chenyewe, si picha ya upande wa mbele. Orodha ya viambato iko nyuma, na unga wa namna hii huweza kuchanganywa na mlonge, manjano, tangawizi au kitunguu saumu, ambavyo navyo vina neno na warfarin.

Kabla ya kipimo, mkague. Je, fizi zinatoka damu akipiga mswaki? Ana michubuko asiyokumbuka imetokana na nini? Damu ya pua haikatiki hata akibana kwa dakika 10? Mkojo umekuwa mwekundu au wa rangi ya chai kavu? Choo ni cheusi, kinanata kama lami? Kichwa kimemuuma ghafla kwa nguvu, au kimeanza kuuma baada ya kuanguka na kujigonga? Likiwepo moja kati ya haya, msingoje siku ya kliniki, nendeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Wala msijaribu kuituliza damu nyumbani kwa kumlisha bakuli kubwa za mchicha au matembele. Mboga hizo zina vitamini K nyingi, na vitamini K inapingana na warfarin. Mnaweza kuitoa damu upande mmoja wa hatari mkaitupa upande wa pili.

Huo upande wa pili watu wengi hawaufikirii: kuacha goji nako kuna hatari yake. Tuseme katika wiki hizi tatu mama alipimwa, INR ikakutwa juu, na kliniki ikampunguzia warfarin bila kujua kuna unga. Sasa unga ukiondoka, dozi ile iliyopunguzwa haitamtosha. INR itashuka, na valvu ya chuma isiyo na ulinzi wa kutosha huweza kushika bonge la damu. Bonge hilo likichomoka, linaweza kwenda kwenye ubongo. Kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi. Muulizeni daktari wa kliniki arudie baada ya siku saba hivi, na aendelee kurudia mpaka apate vipimo viwili mfululizo ndani ya kiwango cha mama. Wengi wanaotumia warfarin hulengwa wawe kati ya 2 na 3, lakini wenye valvu ya chuma upande wa mitrali (ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) kwa kawaida hulengwa 2.5 hadi 3.5. Angalieni kadi yake, iliyoandikwa huko ndiyo namba yake. Kwenye kadi hiyohiyo andikeni tarehe alipoanza unga, vijiko vingapi kwa siku, na tarehe alipoacha. Mistari hiyo mitatu itamsaidia daktari kuliko maelezo marefu ya mdomo.

Kwa nini nasema hivyo kwa uhakika

Mwaka 2001 jarida la wafamasia la Marekani liliandika kisa cha mama wa Kichina wa miaka 61. Alikuwa kwenye warfarin na INR yake ilikuwa imetulia vizuri. Macho yakaanza kumsumbua, akachemsha matunda ya goji akawa anakunywa glasi 3 hadi 4 za chai nzito kwa siku. Baada ya siku chache INR ilikuwa 4.1. Akaacha chai, baada ya siku 7 ikarudi 2.4. Angalia alichokuwa anatafuta yule mama: nafuu ya macho, jambo lilelile ambalo kikopo chenu kinaahidi.

Mwaka 2008 kikaandikwa kisa cha mzee wa miaka 80, naye INR yake ilipanda mara mbili, nyakati mbili tofauti, zote akiwa ametumia goji. Mwaka 2012 ikawa zamu ya mama wa miaka 71 aliyekunywa juisi ya goji kwa siku nne tu. Alifika hospitali akitoka damu puani na njia ya haja kubwa, ana michubuko, na damu yake ilikuwa nyepesi kiasi kwamba kipimo cha INR hakikuweza kusoma namba. Alipewa vitamini K akapona.

Sasa utaniuliza, na una haki: hivi si visa vya mtu mmoja mmoja? Mbona maneno ya mama kwamba anajisikia mwenye nguvu huyahesabu, lakini ya hao wagonjwa watatu unayahesabu?

Nayahesabu kwa sababu ni vitu viwili tofauti. INR ni namba ya maabara, na kwa yule mama wa kwanza ilikuwa imetulia kabla. Ilipanda alipoanza, ikashuka alipoacha, na kwa mzee yule jambo likajirudia. Limeonekana kwa watu wa umri tofauti, wengine kwa chai, wengine kwa juisi. Na lipo elezo linaloingia akilini: warfarin huvunjwa kwenye ini na kimeng'enya kiitwacho CYP2C9, na walipojaribu chai ya goji maabarani waliona inakizuia, ingawa kwa kiasi kidogo. Nguvu ya mwili, kwa upande mwingine, hupanda na kushuka yenyewe kwa usingizi, kwa chakula, kwa furaha ya kupata dawa mpya iliyogharimu fedha nyingi. Hakuna namba ya jana ya kuilinganisha na ya leo.

Jambo la pili ni gharama ya kukosea. Tukiamini madhara haya na kumbe hayamhusu mama, amepoteza unga. Tukiyapuuza na kumbe yanamhusu, anaweza kuvuja damu kichwani. Kwa madai ya faida mizani inageuka: anayeuza ndiye anayepaswa kuleta ushahidi mzito, kwa kuwa ndiye anayemtaka mtu atoe fedha na aweke imani yake humo. Visa hivi havituambii ni watu wangapi kati ya mia hupata shida hii. Pengine wapo wanaokula goji na warfarin salama, nao hawaandikwi popote. Lakini kwa mwenye valvu ya chuma, kujua kwamba jambo linawezekana na kwamba hutokea ndani ya siku chache kunatosha kuamua.

Orodha ya muuzaji, moja baada ya nyingine

Ni kweli tafiti zipo. Swali la kuuliza ni: walipewa nini hasa, walikuwa nani, walilinganishwa na nani, kilipimwa nini, na nani alilipa. Maswali haya matano yanatosha kutenganisha pumba na mchele kwa tunda lolote la mtindo, liwe goji, akai au lingine litakalokuja mwakani.

Goji lenyewe ni tunda dogo jekundu la jamii moja na nyanya, pilipili na mnavu, linalolimwa sana mkoa wa Ningxia nchini Uchina. Wachina wamelila kwa karne nyingi kwenye supu na chai, na kitabu chao rasmi cha dawa kinataja gramu 6 hadi 12 za tunda kavu kwa siku. Ni chakula halali, sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na maneno ya kwenye kikopo.

Utafiti wa kwanza kwenye orodha, wa mwaka 2008, ndio unaonukuliwa sana na wauzaji kuhusu nguvu na ustawi, kwa hiyo tukae nao kidogo. Watu 34 wazima wa afya waligawanywa: 16 wakapewa mililita 120 za juisi ya goji kila siku, 18 wakapewa kinywaji cha kufanana kisicho na goji, kwa siku 14. Wakaulizwa maswali mengi: nguvu, usingizi, umakini, uchovu, tumbo, furaha, na kadhalika. Waliokunywa goji walisema mengi yameboreka. Waliokunywa cha bandia walionyesha mabadiliko mawili tu. Inavutia, sivyo?

Tazama hesabu ilivyofanywa. Kila kikundi kilijilinganisha chenyewe, siku ya kwanza na siku ya 15. Swali linalohitaji jibu ni kama kikundi cha goji kilikizidi kile kingine, na hilo hupatikana kwa kuvilinganisha vikundi viwili ana kwa ana. Kikundi kimoja kinaweza kuvuka mstari wa kitakwimu kwa unywele, kingine kikaukosa kwa unywele, na tofauti kati yao ikawa haipo. Tena ukiuliza maswali 20 ambayo jibu lake la kweli ni "hakuna tofauti", uwezekano wa angalau moja kuonekana "limefaulu" kwa bahati tu ni takriban asilimia 64. Maswali yakizidi, na bahati inazidi. Na pale watafiti walipopima vitu visivyotegemea hisia, yaani uzito, shinikizo la damu, mapigo ya moyo na uwezo wa macho kuona, hapakuwa na tofauti kati ya vikundi. Umeona? Utafiti uleule unaonukuliwa kuuza goji ulipima uwezo wa kuona, haukukuta kitu, na hilo halikuandikwa kwenye kikopo. Juisi yenyewe ilikuwa ya kampuni iliyogharimia kazi hiyo. Peke yake hilo haliufanyi utafiti kuwa uongo, ila linanifanya nidai urudiwe na mtu asiyeuza juisi.

Utafiti wa kisukari, wa mwaka 2015, ni mzito zaidi na nauheshimu. Wagonjwa 67 wa kisukari aina ya pili. 37 walipewa miligramu 300 kwa siku za polisakaridi, yaani wanga wa molekuli ndefu, zilizochujwa kutoka kwenye goji, 30 wakapewa kitu bandia, kwa miezi mitatu. Sukari ya waliopata polisakaridi ilishuka, hasa kwa wale ambao hawakuwa kwenye dawa za kisukari. Zipo pia tathmini zilizojumlisha majaribio madogo kadhaa zikaona sukari ya asubuhi ikishuka kidogo.

Lakini rudi kwenye maswali yetu. Walipewa nini? Kidonge cha polisakaridi zilizotengwa. Mama anakula unga wa tunda zima, na tunda kavu la goji lina takriban gramu 45 za sukari katika kila gramu 100. Vijiko vinne vya chakula kwa siku huweza kufika gramu 30. Hizo ni gramu 13 hivi za sukari, karibu vijiko vitatu vya chai. Walikuwa nani? Walionufaika zaidi ni wasio na dawa, naye mama yuko kwenye metformin. Kilipimwa nini? Sukari kwa miezi mitatu, basi.

Ukitaka kuona ushahidi mzito unafananaje, chukua hiyo metformin ambayo mama anaiona ya kawaida kwa kuwa ni rahisi na haina kikopo cha kupendeza. Uingereza, katika utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 1998, wagonjwa 342 wenye uzito mkubwa waliopewa metformin walilinganishwa na 411 waliosimamiwa zaidi kwa chakula, wakafuatiliwa kwa miaka 10 na ushei. Hawakuhesabu sukari tu. Walihesabu waliokufa, waliopata shambulio la moyo, waliokatwa miguu. Vifo kwa jumla vilipungua kwa asilimia 36 kwa waliotumia metformin. Weka hiyo upande mmoja wa mizani, weka watu 67 na miezi mitatu upande wa pili. Kama kuna siku mama aliruka metformin kwa kuwa "unga unatosha", hilo peke yake ni hasara kubwa kuliko faida yoyote inayodaiwa.

Utafiti wa macho wa 2011 na wa kinga wa 2012 nitauchukua pamoja, maana ni ndugu. Kila mmoja ulihusu wazee Wachina 150 wa miaka 65 hadi 70 waliokuwa na afya, wakipewa gramu 13.7 kwa siku za bidhaa ya Nestlé iliyotengenezwa kwa goji na maziwa, kwa takriban miezi mitatu. Zeaksanthini, ile rangi ya njano inayokaa katikati ya retina (pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga), ilipanda kwenye damu kwa asilimia 26, na madoa ya uzee kwenye retina hayakuongezeka kwa waliokula goji kama yalivyoongezeka kwa wengine. Kwenye ule wa kinga, kingamwili zilipanda zaidi baada ya chanjo ya mafua. Lakini kilichohesabiwa ni kingamwili, si watu walioumwa mafua wakalala kitandani.

Hapa kwenye macho ndipo goji ina hoja yenye nguvu kuliko kwingineko, na ningekuwa simtendei haki msomaji kama ningeificha. Upo utafiti mwingine ambao muuzaji hakuuweka, wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliotolewa mwaka 2021. Watu 27 wa miaka 45 hadi 65 wenye macho mazima: 13 walikula gramu 28 za goji kavu mara tano kwa wiki, 14 wakameza kidonge cha luteini (rangi nyingine ya njano, ndugu ya zeaksanthini) miligramu 6 na zeaksanthini miligramu 4. Baada ya siku 90, rangi ya kinga kwenye retina iliongezeka kwa waliokula goji. Inaeleweka kwa nini: goji ni miongoni mwa vyakula vyenye zeaksanthini nyingi sana. Bado, rangi kuongezeka ni hatua ya njiani. Hakuna aliyefuatiliwa miaka kuona kama upofu umepungua.

Na kwa mama lipo pengo jingine kubwa zaidi. Tafiti hizi zinahusu retina inayozeeka. Kinachotishia macho ya mwenye kisukari ni mishipa midogo ya damu ya retina inayoharibiwa na sukari na shinikizo, na huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Anahitaji kuwekewa matone ya kupanua mboni na kuangaliwa ndani ya jicho kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Akianza kuona ukungu, au vitu vyeusi vinaelea mbele ya jicho, asitafute cha kukoroga. Aonwe na daktari wa macho haraka.

Wa saratani ni wa mwaka 1994. Wagonjwa 79 wa saratani zilizosambaa walipewa tiba ya kuamsha kinga kwa interlukini-2 na seli maalumu, wakaongezewa polisakaridi za goji. Kati ya 75 waliotathminiwa, uvimbe ulipungua kwa asilimia 40.9 ya waliopata goji pamoja na tiba, dhidi ya asilimia 16.1 ya waliopata tiba peke yake. Namba kubwa. Lakini hawa walikuwa wagonjwa tayari, wako hospitali, wako kwenye tiba kali, na goji ilikuwa nyongeza. Hakuna mahali utafiti huo unasema mtu mzima akila unga wa goji hatapata saratani. Kuutoa hapo na kuuweka kwenye neno "huzuia" ni kumdanganya mnunuzi, hata kama kila tarakimu imenukuliwa sawasawa.

Wa sita ni wa panya waliotiwa kisukari maabarani. Tafiti za panya hutumika kuamua nini kijaribiwe kwa binadamu, na kazi yake inaishia hapo. Zile za kumwagia seli dondoo kwenye kisahani ni dhaifu zaidi, kwa sababu polisakaridi ni molekuli kubwa. Ukizila, utumbo hauzipitishi kwenda kwenye damu zikiwa nzima kama zilivyomwagwa kwenye kisahani.

Neno "antioksidanti" kwenye kikopo

Nimeulizwa na wengi kuhusu namba za ORAC, zinazoonyeshwa kwa maelfu kama vile ni nguvu za farasi. Ni kipimo cha kwenye kichupa cha maabara: kitu kinazuia kiasi gani oksijeni isiharibu kemikali fulani. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na orodha ya namba hizo, ikaiondoa mwaka 2012 kwa kuwa hazionyeshi kinachotokea mwilini na zilikuwa zinatumiwa vibaya na wauzaji. Katika orodha ile goji ilikuwa na 3,290 kwa gramu 100. Karafuu ya unga, hii ya kwetu inayoanikwa barazani Pemba, ilikuwa na zaidi ya 290,000. Kama namba hiyo ingekuwa inatibu, pilau ingetosha kuwa hospitali.

Na tangu mwaka 2006 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilishawaandikia barua za onyo wauzaji wa juisi ya goji kwa sababu ya madai ya kutibu magonjwa. Kwa Tanzania, tangu 2019 vyakula vinasajiliwa TBS na dawa TMDA. Muulize muuzaji kikopo chake kimesajiliwa wapi. Kama ni chakula, hakiruhusiwi kudai kinatibu kisukari. Kama ni dawa, aonyeshe namba ya usajili, kisha uithibitishe mwenyewe TMDA.

Hili la usajili lina sababu ya kutisha. Mwaka 2008 nchini Singapore watu 150 wasio na kisukari walilazwa kwa sukari kushuka vibaya, na 4 wakafa. Walikuwa wametumia dawa haramu za nguvu za kiume na bidhaa za mitishamba zilizochanganywa kwa siri na glibenklamaidi, dawa ya kisukari. Kwa hiyo unga wowote "wa asili" ukishusha sukari kwa kasi ndani ya siku chache, usifurahi haraka. Mpime mama kwa kidole asubuhi kabla hajala na saa mbili baada ya chakula kwa wiki hii. Ikishuka chini ya 4 (mmol/L), au akitetemeka na kutoka jasho la baridi, mpe glasi ya juisi au vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, rudia kipimo baada ya dakika 15, kisha mpeleke hospitali pamoja na kikopo.

Namna ya kumwambia mama, na swali lako mwenyewe

Usimwambie ametapeliwa. Atatetea kikopo kwa sababu ya jirani na kwa sababu ya fedha. Mwambie unga unagombana na dawa ya valvu, neno ambalo analijua tangu kliniki walipomkataza aspirini. Mwambie pia nguvu anazozisikia hazikatazwi. Mkazitafute kwenye HbA1c yake, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Kama hajapimwa kwa zaidi ya miezi sita, gharama ya kipimo hicho ingekuwa matumizi bora ya fedha zile kuliko kikopo cha pili.

Akitaka kitu cha macho, zeaksanthini na luteini zimejaa kwenye mahindi ya njano, kiini cha yai, pilipili hoho za rangi ya chungwa, mchicha, kisamvu na matembele. Zinahitaji mafuta kidogo ili zisharabiwe, kwa hiyo mboga iliyoungwa kwa nazi au mafuta inamfaa kuliko unga kwenye maji matupu. Ila kwa kuwa yuko kwenye warfarin, mboga za majani ale kiasi kilekile wiki hadi wiki. Bakuli dogo kila siku halina tatizo, dozi itapangwa kulizingatia. Tatizo ni wiki moja bila majani kabisa, inayofuata matembele mchana na usiku.

Wewe, kama kweli huna maradhi, hutumii dawa ya kila siku na si mjamzito wala hunyonyeshi, waweza kula goji kama unavyokula zabibu kavu: kiganja kimoja, gramu 15 hadi 28. Nunua tunda zima kavu, lisiwe unga, maana tunda unaliona na unga huujui. Lisiwe jekundu la kung'aa kupita kiasi wala na harufu kali ya kiberiti, kwa kuwa baadhi hufukizwa salfa ili rangi isififie, na wenye pumu huweza kubanwa kifua. Kama fyulisi, nyanya au karanga huwa zinakuwashia mdomo, anza na tunda moja au mawili ungoje siku nzima, kwa sababu wenye mzio wa vyakula hivyo huweza kuudhuriwa na goji pia. Gramu 28 zitakupa kalori karibu 98, gramu 3.6 za nyuzinyuzi na miligramu 13 hivi za vitamini C. Pera moja la wastani la hapo Tanga lina zaidi ya miligramu 100.